Vidonge Ambavyo Sikuvimeza

Niwaeli,

Umepanda Vudee tangu asubuhi kumuaga mama yako mdogo Nakijwa, na mimi nimekaa hapa dukani nimenuna. Kesho unaondoka kwenda Tanga kuanza masomo ya uuguzi, umebakiwa na siku moja tu nyumbani, na siku hiyo umeikata nusu ukampelekea mdogo wangu. Najua ana haki. Alikulea miaka miwili wakati mimi sijiwezi. Lakini nilikuona ulivyokuwa unafunga kamba za viatu haraka haraka huku unaimba, nikasema moyoni, huyu kwangu hajawahi kukimbilia hivyo.

Salamu siziandiki, tumeamkiana leo. Mambo ya kufua, kuanika na kuchagua marafiki nayo nayaacha, umeshayasikia mpaka yamekutoka puani. Nakuandikia jambo ambalo siwezi kulisema ukiwa umekaa mbele yangu, kwa sababu una tabia ya kumtazama mtu usoni anapozungumza, nami nikitazamwa hivyo nageuza maneno. Barua nitaiweka kwenye kikapu cha chakula, chini ya mayai, na juu ya bahasha nimeandika usiifungue kabla ya Mombo. Pale basi husimama abiria wapate kula, utapata nafasi ya kusoma. Tena pale utakuwa umeshafika mbali kiasi cha kuona uvivu kurudi.

Wewe umenijua nikiwa mnene. Hukunijua nilipokuwa nashuka kutoka Vudee mpaka hapa Same kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani, nikauza, nikapanda tena mlima siku hiyohiyo. Nilikuwa na miguu kama yako. Ukivaa ile sketi yako ya buluu ukapita hapa mbele, mafundi baiskeli wote wanaacha spana chini, na mimi nainamia mzani nikijifanya napima unga. Mama mwingine angejivuna. Mimi roho inaniuma, na imeniuma tangu ulipoanza kurefuka. Nimekuonea wivu wa miguu, wa usingizi wako mzito, wa namna unavyoacha chakula kwenye sahani na kusema umeshiba. Mimi kushiba sijui tena kunakuwaje.

Ulikuwa na miaka sita nilipojifungua mdogo wako. Unajua aliishi nusu siku, maana jina lake limo kwenye Biblia ya baba yako. Yaliyofuata hujawahi kuambiwa. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni, sukari kwa mgawo wa duka la kijiji, nayo ikikosekana inakosekana mwezi mzima. Nilikuwa nimepanda kwa mama yangu kujifungulia huko. Kwetu mwanamke akijifungua anawekwa ndani, hashiki jembe wala kuni, kazi yake ni kula na kunyonyesha, na wanawake wa kitongoji wanapokezana kumpikia. Sasa wanawake wale walikuwa wameanza kukusanya sukari ya uji wangu tangu tumbo likiwa kubwa. Kila mmoja alikuwa akichota kijiko kimoja kwenye mgawo wake, watoto wake wakanywa chai ya chumvi, kijiko kile akakileta kwa mama yangu.

Mtoto akafa, na sukari ilikuwa tayari. Hakuna aliyejua la kufanya nayo. Kurudishiana vijiko ilikuwa aibu. Basi wakapika uji kama ilivyo desturi, wakaniletea kama ilivyo desturi, mwezi mzima. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mtoto. Walisema tu, "Kunywa, mama, upate nguvu." Nami nilikunywa, kwa sababu kukataa kungekuwa kiburi mbele ya watu waliojinyima. Kitongoji kizima mimi ndiye pekee niliyekuwa nakunywa uji wenye sukari, na sikuwa na wa kumnyonyesha. Nikagundua kwamba nikiwa na kitu kitamu mdomoni kilio kinasimama kooni, hakitoki. Bakuli likiisha kinarudi, nami naomba lingine.

Nakijwa alikuwa amejifungua miezi miwili kabla yangu. Alikuwa anakuja kunipikia na mtoto mgongoni. Mtoto akilia, anatoka kwenda kumnyonyeshea nyuma ya nyumba nisione. Alifanya kwa huruma. Mimi nilimchukia kwa huruma ile, na sina hakika kama nimeacha. Tuliporudi Same nikawa mtu wa kulala mchana kutwa, nywele sichani, wewe hujaoga. Baba yako akakupeleka kwa Nakijwa ukakae. Ukarudi baada ya miaka miwili unamwita yeye mama na mimi unaniita mama wa Same.

Kisha ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Wewe hapo ulishakuwa na akili, unakumbuka. Baba yako alipunguzwa kazi kwenye ofisi ya shamba la mkonge, akaanza kusafirisha tangawizi na vitunguu kwa lori, na mimi akanifungulia duka hili. Vitu vilivyokuwa vinatafutwa kwa tochi vikajaa kwenye rafu. Gunia zima la sukari likawekwa nyuma ya kaunta, mguu wangu unaligusa. Mtu aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya robo, halafu umkalishe karibu na gunia! Nilikuwa nakunywa chai vikombe sijui vingapi, vijiko vinne kila kikombe, na maandazi ya kusindikizia. Mteja akiingia nachangamka, nacheka, namwuliza habari za kwake. Akitoka natazama ukuta mpaka aje mwingine. Kulikuwa na uzito asubuhi wa kunizuia nisinyanyuke kitandani, na haukuwa uzito wa mwili, ulikuwepo hata kabla sijanenepa. Nikila unapungua kidogo. Jioni unarudi na wenzake.

Na watu wakanipongeza. "Mama Niwaeli, maisha yamekukubali!" Tulikuwa tumetoka kwenye njaa, Niwaeli, mwili mkubwa ulikuwa kama cheti cha ukutani. Baba yako akirudi safari ananipiga kofi la mgongo mbele ya madereva wenzake, anasema sasa huyu ndiye mke wa mfanyabiashara. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba nanenepa kwa huzuni? Angesema, huzuni ya nini, unakosa nini. Na kweli sikuwa nakosa kitu ambacho angeweza kukipakia kwenye lori.

Ulikuwa kidato cha pili nilipoanza kunywa maji kama ng'ombe na kukojoa kila saa. Ulinipeleka wewe hospitali, umevaa sare ya shule. Sista Ruti akachemsha mkojo wangu na ile dawa ya buluu, ukageuka rangi ya matofali, na wewe ukasema kwa sauti ya mwanafunzi aliyepata jibu, "Mama, hii tulifanya maabara!" Wauguzi wakacheka. Sista Ruti akakupa kiti, akakueleza habari za sukari mwilini na presha, akakuchorea kwenye karatasi, mkaongea kama watu wa kazi moja. Mimi mgonjwa mwenyewe nimekaa kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa stendi. Siku ile ndipo ulipopata wazo la uuguzi. Watu husema umeuchagua kwa ajili ya ugonjwa wa mama yako. Mimi niliona umechukua ugonjwa wangu ukaufanya wako.

Lakini Sista alikuomba utoke, akafunga mlango, akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa.

"Mama, ukiamka asubuhi, unataka kuamka?"

Nikamwambia nina duka.

"Sijauliza duka."

Nililia pale mpaka akaleta kitambaa chake mwenyewe. Nikamsimulia habari za uji. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilidhani atanikemea habari ya kula, maana wote waliotangulia walinikemea. Yeye akasema, "Hii huzuni yako na hii sukari zinatembeleana. Huzuni ikija unakula na kulala, sukari inapanda. Sukari ikipanda mwili unachoka, kichwa kinakuwa kizito, huzuni inapata pa kukaa. Nikikupa vidonge vya sukari peke yake nitakuwa nimefunga mlango mmoja, wa pili uko wazi. Uje kila mwezi, tupime mkojo na tuzungumze." Ukikutana na mwanamke kama mimi huko wodini, Niwaeli, ukajisikia kumwambia apunguze kula, mkumbuke Sista Ruti aliyefunga mlango kwanza.

Nikameza vidonge. Nikaacha chai ya sukari. Nikaanza kupungua, hata ngazi za kanisani nikazipanda bila kusimama katikati. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Unaikumbuka miaka ile, na hata sasa haijaisha. Mtu akikonda Same hii hakuna anayeuliza kama anatumia dawa ya sukari, wote huwaza ukimwi. Mume wangu mtu wa malori, analala Korogwe, analala Chalinze. Magauni yalipoanza kunipwaya, wateja wakaanza kunitazama shingoni. Mama mmoja alikuja kununua chumvi, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya msibani, "Pole, mwenzetu. Mungu yupo." Nikamwuliza pole ya nini, akatazama pembeni. Wiki ile watu wawili walihamia duka la jirani kununua mkate.

Nikarudi kwenye sukari. Nilikula kwa makusudi, mwanangu, nikikaa pale nje barazani watu wanione ninavyokula. Ningeweza kumwomba Sista aje anisemee kanisani, ningeweza kupiga moyo konde nikawaacha waseme. Niliona heri nife mnene kuliko kuishi nikisemwa. Jina langu likasafika na mkojo ukarudi rangi ya matofali. Na siku ile ile niliyotakaswa nilijifungia chumbani nikalia, nisijue nalia nini.

Sasa nafika pale ninapopakwepa tangu nianze kuandika.

Mwaka jana uliitwa chuo. Barua ilipofika uliruka, ukanikumbatia, mikono yako haikuweza kukutana mgongoni kwangu, ukacheka. Mimi pia nilicheka. Usiku na mchana wa siku zile nilikuwa nakuona unakwenda. Nakuona umevaa gauni jeupe, na watu wasiojulikana wamelala vitandani wanakuita "Sista, Sista," nawe unawaendea. Unawashika mkono, unawauliza kama wanataka kuamka. Nikawaonea wivu wagonjwa ambao hata hawajaugua bado! Nilisema, mimi nilikaa na sukari hii mpaka mtoto akasoma kwayo, halafu anaipeleka faida kwa watu wa Tanga.

Nikaacha dawa. Sikusahau, Niwaeli. Kila asubuhi ulikuwa unaniletea kidonge na kikombe cha maji, nakiweka chini ya ulimi, ukigeuka nakitema kiganjani. Nilikuwa naviingiza kwenye debe la pumba, kule nyuma. Na ukienda sokoni nakunywa chai ile ya zamani, vijiko vinne. Siku ya kumi na kitu nikaanguka hapa hapa, nyuma ya kaunta, nikavunja chupa za mafuta ya taa. Nilipozinduka hospitali ulikuwa umeshika miguu yangu. Ukasema, "Mama, siendi. Nitakwenda mwakani." Nafasi yako akapewa mwingine.

Nikuambie ukweli wote, maana nikibakiza kipande kitaoza. Uliposema vile, nilifurahi. Nilikuwa na sindano mkononi, mdomo umekauka, na moyoni nilikuwa kama bibi harusi.

Mwaka huu mzima umenilea. Umenitembeza asubuhi kwenye njia ya reli mpaka lile daraja na kurudi. Umenipikia makande bila kuyaogesha mafuta, umenichumia mnavu, umekaa nami hapa barazani ukinisomea gazeti. Nimepungua tena, na mtu akinitazama shingoni wewe ndiye uliyekuwa unamjibu, "Mama anatumia dawa ya sukari, na wewe nenda kapime." Zimekuwepo asubuhi nyingi nilizoamka nikitaka kuamka. Basi nilipoona barua ya chuo ya mwaka huu nilijua dawa yangu kubwa inafungasha nguo.

Wiki hii nimetema tena. Siku tatu. Uliponiuliza, "Mama, umemeza?" nikafungua mdomo wazi nikuoneshe, kama mtoto. Kidonge kilikuwa kwenye pindo la khanga, baadaye nikakitia kwenye debe lilelile.

Siku ya nne nilikwenda kwa Sista Ruti peke yangu, polepole, nikipumzika kwenye kila kivuli. Mkojo ulitoka rangi ya chungwa. Nikamweleza yote, na ya mwaka jana. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mwambie mwanao," akasema.

"Nikimwambia hataondoka."

"Basi mwandikie asome njiani." Kisha akanitazama. "Na nani atakuangalia ukimeza, yeye akishaondoka? Mume wako yuko barabarani."

Nilijua jibu na sikutaka kulisema. Ndiyo maana jana, Nakijwa aliposhuka na tangawizi zake za gulioni, nilimwita ndani, nikamkalisha kwenye kile kiti chako. Nilijikaza kisabuni nikamwambia. Nilitegemea ashangae, apige mikono kichwani. Aliendelea kukuna tope kwenye vidole vyake.

"Dada, mimi najua," akasema. "Mwaka jana nilikuja kuchukua pumba za nguruwe. Nilivikuta."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ningemwambia Niwaeli, ungesema nakuonea wivu kwa sababu ya duka."

Niwaeli, ningesema hivyo hivyo, neno kwa neno. Na hata pale nilikuwa nimeshakifungua kinywa. Halafu akaniambia kwamba kweli alikuwa ananionea wivu. Kule mlimani, na mzigo mgongoni, alikuwa akiniwaza mimi nimekaa kivulini na gunia la sukari. Na habari ya kunyonyeshea nyuma ya nyumba, alisema alikuwa anakaa kule mpaka macho yake yakauke. Mimi miaka yote nilidhani anajificha ili asinigawie furaha. Akaniomba chai, nikampikia, nikamwekea sukari kwenye kibakuli pembeni, yangu nikainywa kavu. Amekubali kukaa nami mwezi wa kwanza, anakuja kesho kutwa, shamba ataliachia wanawe. Ameniahidi leo hatakuambia kitu. Tangu asubuhi nina wasiwasi kwamba utamtazama usoni, maana hata yeye hawezi kukudanganya.

Sijui kama atanipa kidonge kwa upole kama wewe. Ana mikono migumu, na amesema nitafungua mdomo na kunyanyua ulimi mbele yake, kisha nimwoneshe khanga. Nimekasirika tayari. Lakini leo nimemeza, Niwaeli, sijatema, na nimelichukua lile debe nikazimwaga pumba zake mbele ya kuku, nikaviokota vidonge kimoja kimoja nikavitupa chooni. Hakuna aliyeniona.

Utakuwa na hasira, na una haki ya hasira ya mwaka mzima. Nidai hiyo kwa barua, niandikie vikali, usinirembee maneno. Usinisamehe haraka kwa sababu mimi ni mgonjwa. Ukinisamehe kwa ajili ya ugonjwa utanifundisha kuutumia tena.

Na siku moja kondakta atakuletea ujumbe kwamba mama yako ameanguka. Huenda ikawa kweli, huenda nikawa nimejiangusha. Usipande basi. Mwandikie Nakijwa kwanza, yeye ndiye atakayekuambia kama nilikuwa nameza, na ukipata neno lake ndipo uamue. Neno langu katika jambo hili usilichukue, hata nikililia.

Sasa najua unavyowaza hapo ulipo, basi limesimama, watu wanakula, wewe umeshika karatasi hizi na unatazama upande wa pili wa barabara, magari yanayokuja Same. Usivuke. Ukivuka, jioni utanikuta mlangoni, nitakukumbatia, nitakuwa na furaha ambayo hujawahi kuiona kwangu. Na ukiiona furaha hiyo ndipo ujue sijapona.

Mama yako